Kiazi kikuu chako hakijatoa ua? Tazama jua kwanza

Msomaji mmoja aliyeko Houston, Marekani, Mpemba kwa asili, ameniandikia: "Shikamoo mzee. Viazi vikuu vyangu vimepanda mpaka juu ya gereji, lakini huu mwezi wa nane sijaona ua hata moja. Nimefukua, chini nimekuta kijikiazi cha ukubwa wa kidole. Niweke mbolea gani?"

Marahaba mwanangu. Usiweke kitu. Subiri siku zifupike.

Elimu hii nimeipata hapa Unguja kwa kuchekwa. Mwaka mmoja mbegu ilichelewa kufika, nikapanda mwezi wa nne, masika yameshapamba moto. Mvua ilikuwa ya kutosha, lakini mimea haikupita kiuno. Ikaanza kutoa maua. Akaja mtaalamu, jina lake nalihifadhi, akashika jani moja, akasema shamba lina ugonjwa, akaniandikia dawa na mbolea, akaenda zake. Majirani nao wakaliita shamba langu bustani ya harusi. Wengine bado wananiuliza harusi lini.

Ugonjwa haukuwepo. Kiazi kikuu hufuata urefu wa mchana, au tuseme urefu wa giza la usiku. Mchana mrefu hukipa majani. Siku zikifupika hugeukia kiazi, na kwa aina zenye kutoa maua, maua pia. Hapa kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mchana wa Disemba unaupita wa Juni kwa dakika 40 hivi tu. Watu huzidharau dakika hizo. Mmea hauzidharau. Ukipanda Oktoba au Novemba, vuli inaotesha, mmea unatambaa kaskazi yote, na siku zinapopungua baada ya Machi tayari una majani ya kulisha kiazi. Ukipanda Aprili, unachipua siku zimeshaanza kufupika, unakomaa ungali mdogo, na unachochimba hakitoshi futari ya watu wanne.

Sasa rudi Houston. Mwezi wa sita mchana wa huko unafika saa 14. Lazima majani yafike juu ya gereji! Mchana na usiku hulingana karibu na tarehe 22 Septemba, na kuanzia hapo ndipo kiazi kitaanza kujaa kwa kasi. Adui yako ni baridi, itakayoua majani kabla kiazi hakijashiba. Kwa hiyo mwakani otesha mbegu mapema ndani ya nyumba, kwenye ndoo, ili ikitoka nje iwe imeshachipua. Na hiyo taa ya gereji inayowaka usiku kucha, izime. Wakulima wa maua Kenya huwasha taa usiku makusudi ili krisanthemamu isichanue kabla ya wakati; wewe usijifanyie hivyo bila kujua. (Kama una ndugu Florida, mwambie asipande: kule kiazi kikuu kimeorodheshwa kuwa gugu.)

Kuhusu ua lenyewe, mbona mnalihangaikia? Ni dogo, la kijani hafifu, unaweza kulipita usilione. Mmea dume ni mbali na mmea jike: jike ndilo linalobeba vifuko vya mbegu vyenye mbawa tatu, dume likimaliza kuchanua halina kitu. Aina nyingine hazitoi ua kabisa na kiazi chake ni kitamu vilevile, kwa sababu sisi tunapanda kipande cha kiazi, hatupandi mbegu ya ua. Wenye haja ya kweli na ua ni watafiti kama wale wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto kule Ibadan, Nigeria, wanaotaka kuzalisha aina mpya. Wao dume na jike lazima vichanue pamoja, na mara nyingi dume hutangulia.

Vijana, mnapenda mno mambo ya dukani. Mmea ukinyamaza kidogo mnakimbilia mfuko wa mbolea, jua liko juu ya vichwa vyenu bure na hamlitazami! Pandeni kwa wakati. Narudia: pandeni kwa wakati. Msimu huu nilipanda mwanzo wa vuli, na kiazi kimoja tulikitoa shimoni watu wawili kwa gunia. Waliouliza habari za harusi nimewapelekea vipande, wamekula na tui la nazi, kimya.

Wewe wa Houston, majani yakigeuka manjano ndipo uchimbe. Vaa glavu, utomvu unawasha. Na ukikuta ncha ya chini bado nyeupe na laini, umewahi, fukia tena.