Shamba la minazi la babu: usianze na miche, anza na mgema

Wiki iliyopita dada mmoja wa Msabaha aliniandikia. Bibi yake amemwachia shamba la minazi, miti imezeeka, ndugu wanataka kuuza, afanyeje? Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Miaka saba iliyopita swali hilo lilikuwa langu.

Letu liko Mambrui, ng'ambo ya Sabaki ukitoka Malindi. Babu aliishi kwa tembo lake, pombe inayogemwa kwenye minazi, na watu walitoka Gongoni alfajiri kulifuata, maana tembo halingoji: asubuhi tamu, jioni kali, kesho yake siki. Alipofariki, kikao cha ukoo kikataka kukata viwanja. Nilipokataa, baba mdogo alisimama mbele ya watu akasema, "Mtoto wa kike ataweza minazi?" Maneno yale sijayasahau, wala sitaki kuyasahau.

Kosa langu lilikuwa kukimbilia miche. Nilikopa chamani, nikapanda 60. Magogo ya minazi iliyokufa niliyaacha yaoze palepale, nikidhani yatakuwa mbolea. Kumbe ndimo chonga, mdudu anayetoboa minazi, anamozalia. Mwaka haukuisha, makuti machanga yakaanza kufunguka yakiwa yamekatwa pembetatu, kama kwa mkasi. Ukiona hivyo jua kilele kimeshatobolewa. Nilibaki na miche 19.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyemgemea babu enzi za ujana wake. Alikuja na kotama, kisu cha kugemea, kiunoni, akapapasa vidato vya zamani kwenye shina, akapanda. Huko juu akamchomoa chonga kwa waya wenye ndoana, akamtupa miguuni pangu: mweusi, pembe kichwani, mnene kama kidole gumba. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akachonga karara, ala ya maua ya mnazi, kidogo tu ili tembo liendelee kudondoka kibuyuni. Kwa hiyo kilele anakiona mara mbili kwa siku. Shamba letu lilianza kufa siku wagema walipoondoka, sisi tukasingizia ukame.

Basi dada yangu, tafuta mgema kwanza. Magogo choma. Karara inayogemwa haizai nazi, kwa hiyo gawa miti, ya tembo kando na ya nazi kando. Kiota cha majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, usikivunje. Wanauma, ndiyo, lakini wanafukuza kunguni wa minazi wanaoangusha vidaka, yaani nazi changa. Na mgema mlipe siku mliyokubaliana. Narudia: mlipe. Tunaona haya kukaa mkeka mmoja na mzee mwenye kotama, lakini hatuoni haya kuuza ardhi aliyolala babu. Tubadilike jamani, mali ya wazee haifufuliwi na mtu anayewadharau walioitunza.

Mwezi huu tumegema minazi 34, na lori la nazi limeondoka mara mbili. Kila jioni baba mdogo humtuma mtoto na kibuyu. Ninamjazia. Radhi hajaniomba bado, na ninaingoja.