Gitaa la Kushoto Libaki Kushoto: Kwa Wanaoanza Kumiksi

Vijana wanaokuja studio hapa Kisumu kujifunza kumiksi huuliza kwanza ni rivabu (efekti ya mwangwi wa chumba) gani nzuri. Swali hilo lina wakati wake. Lililo la haraka zaidi ni hili: sauti uliyoiweka kushoto, ikishapitia kwenye basi ya efekti (chaneli ya pamoja inayopokea sauti za vyombo kadhaa), inatoka ikiwa bado kushoto? Mara nyingi haiko, na anayemiksi hana habari, kwa sababu sauti kavu, isiyo na efekti, ingali mahali pake na sikio limeridhika nusu.

Chukua wimbo wa benga. Gitaa la solo na la ridhimu hujibizana, kila moja likiziba pengo la mwenzake, na noti zao zinakaa eneo moja. Ukiyaweka yote katikati pamoja na besi na mwimbaji, utapata fujo ya nyuzi. Ndiyo maana tunapani, yaani tunagawa sauti kushoto na kulia: solo kushoto, ridhimu kulia, besi na mwimbaji katikati. Kisha unataka magitaa yasikike yakiwa chumba kimoja, kwa hiyo unafungua sendi (njia inayopeleka nakala ya sauti) kutoka kila traki kwenda chaneli moja ya rivabu. Hapo ndipo kazi yote ya kupani inaweza kupotea.

Angalia kwanza sendi inachota sauti wapi. Katika programu ya kurekodi ya Reaper, sendi mpya kwa kawaida huchota baada ya feda (kidhibiti cha kiwango cha sauti) na pani, kwa hiyo gitaa linaingia kwenye rivabu likiwa tayari kushoto. Ukiibadilisha ichote kabla ya feda, haijali tena pani ya traki. Ina pani yake ndogo, nayo inakaa katikati mpaka uiguse. Katika Pro Tools kila sendi ina pani yake, na kuna kitufe cha FMP (Follow Main Pan) kinachoiamuru ifuate pani ya traki. Logic Pro inakupa chaguo tatu: kabla ya feda, baada ya feda, na baada ya pani. Wengi huishia kwenye ya pili wakidhani imetosha, lakini ni ile ya tatu inayobeba mahali pa sauti. Kuchota kabla ya feda kuna kazi yake, hasa unapompelekea msanii sauti kwenye hedfoni wakati wa kurekodi, ili usimvuruge kila unapogusa feda zako.

Kisha tazama chaneli inayopokea. Ikiwa ni ya mono, yenye njia moja tu ya sauti, mchezo umekwisha. Mto Nyando na Mto Sondu ikishaingia ziwani, hakuna atakayekutengea maji ya huu na ya ule. Vivyo hivyo kushoto na kulia vikishajumlishwa, pani utakayoizungusha mbele ya safari itasogeza mchanganyiko mzima. Na kiwango kinabadilika pia: kitu kilicho sawasawa pande zote mbili kikijumlishwa hupanda kwa desibeli 6, ilhali kilicho upande mmoja tu hakipati nyongeza hiyo. Ndiyo sababu mwimbaji huzama kwenye rivabu huku gitaa likibaki karibu kavu, na wewe unahangaika na feda ambazo hazina kosa.

Chaneli ikiwa stirio, yenye kushoto na kulia, bado plagini (programu ndogo ya efekti) inaweza kukuangusha. Rivabu nyingi hupokea pande mbili, huziunganisha ndani, halafu hutengeneza mkia mpana, yaani mwangwi unaofifia. Unasikia upana na kudhani mambo ni shwari, kumbe upana ule ni uleule kwa gitaa la kushoto na la kulia. Rivabu ya stirio kamili huhesabu njia nne: kushoto kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, na kinyume chake. Sisemi ukatae zile nyingine. Hata ukumbini, mkia mrefu hukuzunguka kutoka kila upande; ni sauti ya moja kwa moja pamoja na miakisi ya mwanzo (sauti zinazodunda kutani kwanza) ndizo zinazomwambia msikilizaji chombo kiko wapi. Kwa mwimbaji aliye katikati sijali kabisa. Kwa ngoma za isukuti kutoka Kakamega, zinazopigwa tatu tatu, najali sana, maana rivabu fupi ya chumba inayoheshimu pani ndiyo inayozitenganisha. Kwa dilei, efekti inayorudia sauti, najali zaidi, kwa kuwa mrudio ukitua katikati kila mtu anausikia. Kuutupa mrudio wa gitaa la kushoto upande wa kulia ni pambo zuri, mradi uwe umeamua wewe.

Kuna mtego mwingine ambao wanaoanza hawaushuku: kompresa, kifaa kinachoshusha sauti inapokuwa kubwa, kwenye basi ya pamoja. Tuseme umepeleka bendi nzima kwenye basi ya stirio ukaweka kompresa ambayo pande zake hazijaunganishwa. Gitaa la solo likipigwa kwa nguvu, upande wa kushoto peke yake unashushwa, tuseme desibeli 4. Mwimbaji alikuwa katikati kwa sababu pande zote zilimbeba sawa. Sasa kushoto kumepungua, naye anayumba kulia, kisha anarudi gitaa linaponyamaza. Ukitazama pani zako zote ziko sawa. Tafuta mpangilio wa kuunganisha pande za stirio uuwashe, ili zote zishuke kwa kiasi kimoja. Kama kilichomo ni magitaa mawili tu, moja kila upande, unaweza kuziacha zijitegemee.

Kwenye traki iliyorekodiwa kwa maiki mbili, kumbuka kwamba pani ya kawaida mara nyingi hupunguza tu upande mmoja. Ukiizungusha yote kulia, ngoma iliyokuwa karibu na maiki ya kushoto inatoweka. Tumia pani mbili, kila upande na yake. Pro Tools inakupa hivyo, na Reaper inakuruhusu kubadilisha aina ya pani ya traki.

Kupima ni rahisi. Zuia traki isiende kwenye master, yaani chaneli kuu ya mwisho (Reaper ina tiki ya hilo), uache sendi peke yake. Cheza sauti fupi kama kofi, sogeza pani kutoka kushoto hadi kulia, na utazame mita za chaneli ya efekti. Zisipohama upande pamoja na pani, rudi nyuma hatua moja moja mpaka umpate mhusika.

Wanaomiksi kanisani kwa mashine ya analogi, habari ni tofauti kidogo: aux (njia za sendi) za miksa nyingi ni mono, kwa hiyo pani haifiki kwenye rivabu hata ufanyeje. Irejeshe rivabu hiyo kwa chaneli mbili, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, angalau upana wake yenyewe usipotee. Na kama spika za ukumbini zote zinatoa kitu kimoja, usijisumbue.

Kabla ya kumkabidhi msanii wimbo, bonyeza kitufe cha mono kwenye master. Tuktuk nyingi za Kondele zitaucheza kwa spika moja. Magitaa yakikaribiana, hiyo ni kawaida. Gitaa likikonda au likitoweka, kuna fezi inayogongana (mawimbi ya sauti yanayofutana) mahali fulani, na mara nyingi ni dilei fupi mno uliyoiweka ili kupanua kitu ambacho pani pekee ingekitosha.