Maswali ya Wasomaji: Mchochezi wa Vita vya Palermo

SWALI: Husimuliwa kwamba magenge mawili ya Mafia yaliwahi kuuana, kumbe mchochezi alikuwa mtu wa tatu. Mkuu wa genge humtambuaje mtu huyo, ilhali hawezi kwenda polisi wala mahakamani? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Palermo, kisiwani Sicily. Tarehe 26 Desemba 1962 aliuawa Calcedonio Di Pisa, mwanachama wa Mafia ambaye ndugu wawili wa Mafia hiyo hiyo, Salvatore na Angelo La Barbera, walikuwa wamemshtaki mbele ya baraza la wakuu wa Mafia kwa kuwapunja katika biashara ya heroini. Baraza lilimwona hana hatia, nao hawakuridhika. Kwa hiyo alipouawa, kila kidole kiliwaelekea wao, na kundi jingine la Mafia, la akina Greco, likaingia vitani dhidi yao. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kilichomfichua kunguru huyo ni mpangilio wa matukio. Salvatore alitoweka Januari 1963, na mwezi Mei Angelo akapigwa risasi mjini Milan, akanusurika, kisha akakamatwa. Kama kweli wao ndio waliokuwa chanzo, mashambulizi yangepaswa kukoma hapo. Badala yake, tarehe 30 Juni gari lililotegwa bomu liliwaua polisi na wanajeshi saba huko Ciaculli, ngome ya akina Greco. Mtuhumiwa akiisha kuondolewa na damu ikaendelea kumwagika, mkuu mwenye akili huacha kuuliza nani alikuwa na kinyongo na marehemu, akauliza nani ananufaika pande zote mbili zikidhoofika, na nani aliujua ugomvi ule vizuri kiasi cha kuutumia kama kificho.

Kwa maelezo aliyoyatoa Tommaso Buscetta, mwanachama wa Mafia aliyegeuka shahidi, kwa hakimu Giovanni Falcone mwaka 1984, jibu lilikuwa Michele Cavataio, mkuu wa genge la Mafia la Acquasanta, mtaa wa Palermo. Wenzake walimhukumu kimyakimya, na tarehe 10 Desemba 1969 wauaji waliovaa sare za polisi walimvamia na kumuua katika ofisi ya ujenzi iliyoko barabara ya Viale Lazio, Palermo.

Msomaji azingatie kwamba Buscetta alikuwa karibu na akina La Barbera, hivyo alikuwa na sababu ya kuwasafisha. Tarehe za matukio, hata hivyo, hazitegemei ulimi wake, na kwangu hizo ndizo zenye uzito zaidi.