Barua kwa mwanangu: zawadi ya mjukuu

Mwanangu,

Salamu kutoka Walukuba. Huku Jinja hatujambo, goti la mama yako limepoa kidogo na mvua imeanza kunyesha jioni jioni. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikaona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu tungekatizwa kabla sijamaliza.

Unasema mjukuu wangu anatimiza miaka 3 mwezi ujao. Mwaka jana mlimnunulia gari la betri kwa shilingi 85,000. Likawasha taa na kupiga honi siku mbili. Siku ya tatu akaliacha, akaingia kwenye boksi lake. Sasa unauliza kama mtoto ana tatizo, na safari hii umnunulie nini kisichomchosha.

Mtoto hana tatizo lolote. Gari lile lilikuwa linacheza lenyewe, yeye akabaki mtazamaji. Bonyeza linakwenda, bonyeza linasimama, basi. Boksi halifanyi kitu, kwa hiyo kazi yote ni yake: leo ni teksi ya kwenda Iganga, kesho nyumba, kesho kutwa mtumbwi wa Masese. Na hayuko peke yake. Rochester, kule Marekani, kuna makumbusho yenye orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea vilivyopendwa na watoto. Mwaka 2005 waliingiza boksi la kadibodi katika orodha hiyo, na mwaka 2008 wakaingiza kijiti, kile cha kuokota chini ya mti.

Kuna jambo sijawahi kukueleza sawasawa. Ulipokuwa na miaka minne nilipata kazi ya madawati, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, nikakununulia mwanasesere kwenye duka la Main Street, hapa Jinja. Alikuwa na nywele za kuchana, na ukimlaza anafumba macho. Mimi na mama yako tukakubaliana asichafuke. Tukamweka juu ya kabati ndani ya nailoni yake, ukawa unapewa siku ya sikukuu, wageni wakiwepo, ukae naye mkekani, kisha anarudishwa juu. Wakati huohuo ulikuwa na mtoto wako mwingine, yule bibi yako aliyekufungia kwa maganda makavu ya mgomba. Hakuwa na macho wala mdomo. Ulimbeba mgongoni kwa leso yangu, ukampa dawa kwa kizibo cha soda, ukamgombeza kwa maneno ya mama yako, neno kwa neno. Akifumuka, bibi anafunga mwingine, na wewe unaendelea kumwita jina lilelile. Tulipohama nilimkuta yule wa dukani bado yuko kabatini, nailoni imegandana na mikono yake. Niliumia sana, mwanangu. Fedha ile niliitumia kufurahisha macho ya wageni.

Kwa hiyo ukiingia dukani, kabla ya kuuliza bei, jiulize mtoto atakifanyia nini kitu hicho mwezi wa sita baada ya kukipata. Ukiona jibu ni moja tu, kirudishe rafuni. Na kama ni kitu ambacho utakuwa unamwambia kila mara "usiguse, utaharibu", basi hujamnunulia yeye.

Mimi nimeshaanza. Nimemkatia matofali ya mbao 48 kutoka masalio ya paini, na machache ya mvule ili aonje uzito tofauti mkononi. Yote nimeyafuatisha kipimo kimoja: la kawaida lina unene wa inchi 1, upana 2, urefu 4. Kuna marefu ya inchi 8 na mafupi ya inchi 2. Mafupi mawili yakiungana yanalingana na moja la kawaida, na ya kawaida mawili yanalingana na moja refu. Uwiano huo sikuubuni mimi. Caroline Pratt, mwalimu wa New York aliyesomea useremala, aliwatengenezea watoto matofali ya namna hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita, na shule za chekechea zinayatumia hadi leo. Wewe usimfundishe mtoto hesabu yake. Ukuta wake utapungukiwa upande mmoja, atatafuta, atagundua kwamba mafupi mawili yanaziba pengo, na ujuzi huo utakuwa wake.

Usishangae kwamba mwanzoni atayabeba tu, kutoka chumba hadi chumba, kwenye sufuria yako. Watoto huanza hivyo. Halafu atayapanga mstari sakafuni, halafu mnara, auangushe, acheke, aurudie. Siku moja atasimamisha mawili yameachana na kulaza la tatu juu yake. Hapo ana daraja. Siku hiyo unipigie simu, hata kama ni usiku.

Sikupaka rangi wala vanishi. Nimepiga msasa mara tatu, wa mwisho ule laini kabisa, nikazungusha kila pembe, kisha nikapitisha kila tofali kwenye shavu langu. Matatu yalinikwaruza, nikayarudisha kwenye benchi.

Mbali na hayo, mnunulie mpira, hata mdogo. Mpe na khanga moja kuukuu: atakuwa mfalme, atakuwa mama, atajenga hema chini ya meza. Udongo wa kufinyanga utaukanda mwenyewe jikoni: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka usishike mikono. Chumvi ni nyingi sana, kwa hiyo asiule, ukae naye. Hayo sina haja ya kuyaeleza zaidi, ulikulia humo.

Mtoto wa kaka yako, yule wa miaka saba, ukitaka kumpa kitu mwende mkatafute LEGO za mitumba, yale matofali madogo ya plastiki ya kuunganisha, soko la Owino hapo Kampala, zile zinazouzwa mchanganyiko. Usione haya kwamba zimetumika. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1932 na seremala wa Billund, Denmark, Ole Kirk Christiansen, na tofali lililotengenezwa mwaka 1958 linashikana na la leo bila shida. Matofali sita tu ya vifundo vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna zaidi ya milioni 915. Kitu kikidumu hivyo, aliyekichezea jana hajakipunguzia chochote. Zioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, basi. Lakini zisiachwe sakafuni mdogo wake akiwepo.

Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri. Chukua kile kigogo cha katikati cha karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopenya humo, mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe, maana kinaweza kumziba koo. Puto lililopasuka, okota vipande vyote papo hapo. Na vile vibetri bapa kama kifungo, vilivyomo kwenye kadi zinazoimba na midoli ya bei rahisi, viogope kuliko kisu. Kikimezwa kinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Ukishuku tu, mbio hospitali, usingoje dalili. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, usikinunue hata kikiwa cha shilingi 2,000. Na vya zamani vyenye rangi inayobanduka viache palepale; rangi nyingine zina madini ya risasi, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Uliuliza pia kuhusu sherehe ya mtoto wa rafiki yako wa Ntinda, ukisema unaogopa kuonekana umekwenda mikono mitupu. Nunua pakiti ya kreyoni nene na rimu nzima ya karatasi nyeupe. Rimu nzima, karatasi 500. Mtoto hupewa karatasi mbili na kuambiwa asizimalize. Huyo mpe nyingi mpaka asiwe na hofu ya kukosea. Wengine wakileta maboksi makubwa yenye utepe, wewe keti na mtoto umchoree mbuzi.

Na kwenu, zawadi za siku hiyo usizimwage zote mbele yake. Mpe moja, nyingine weka, wiki ijayo mpe nyingine. Nimewaona watoto wakifungua vitu kumi bila kucheza na kimoja, wakaishia kulia.

Mzigo nitampa dereva wa teksi Ijumaa asubuhi, atakupigia akifika Old Taxi Park. Umefungwa kwenye gunia la mchele, ni mzito, chukua boda ya mtu unayemfahamu. Usihangaike na karatasi za kung'aa. Kama lile boksi la gari bado lipo, yapange humo.

Baba yako