Mradi wa kiwanda cha ethanoli: anza na karatasi, si kompyuta

Mdogo wangu, umesema programu ya kompyuta ya kuiga kiwanda inakataa kutoa majibu na muda wa kukabidhi mradi unakaribia. Ifunge kwa sasa. Fanya urari wa maada kwa mkono, yaani hesabu ya kiasi kinachoingia na kinachotoka kiwandani.

Chukua tani 1 ya molasi, yale masalia mazito ya kutengeneza sukari. Tuseme nusu yake ni sukari inayochachuka, yaani kilo 500. Kikemia, kilo 1 ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya kilo 0.511 za ethanoli. Inayobaki ni kaboni dioksidi. Ukikadiria ufanisi wa asilimia 90, unapata kilo 230 hivi, karibu lita 290. Programu ikikupa lita 400, utajua papo hapo kuwa kuna kosa.

Kwenye mnara wa kukenekea, unaotenganisha ethanoli na maji kwa kuchemsha, ndiko wengi hukwama. Kwa kanieneo ya kawaida, ethanoli na maji havitenganishwi kupita takriban asilimia 95.6 kwa uzito, hata uongeze sahani (ngazi za ndani ya mnara) ngapi. Ukitaka ethanoli kavu ya kuchanganya na petroli, weka hatua ya kuondoa maji, kwa mfano vichujio vya molekuli, yaani chembe zenye vitundu vidogo vinavyonasa maji. Naamini hapo ndipo programu yako inapogoma: huenda umeidai asilimia 99 kwenye mnara mmoja.

Usisahau majitaka ya mnara. Ni mengi, lita 10 au zaidi kwa kila lita ya ethanoli, na watahini watayauliza. Gharama ziache mwisho, baada ya kupata vipimo vya matangi. Na mwone msimamizi wako wiki hii, ukiwa na urari huo mkononi.