Barua za Kiungani si kadi ya kliniki: usizilamineti

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Masasi. Babu yake baba alisoma Kiungani, chuo cha misheni kule Unguja, miaka ya 1890, kisha akarudi huku kufundisha. Bibi alipofariki tulikuta kopo la bati lenye barua 14 zimefungwa pamoja kwa uzi, nyingi bado zimo kwenye bahasha zake. Moja imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wino umekuwa wa kahawia na baadhi ya maneno yameacha matundu kwenye karatasi. Kijana wa steshenari anasema tuzilamineti zote zisiharibike zaidi, shilingi 1,500 kwa karatasi. Mdogo wangu ameshaanza kuzichapa kwenye kompyuta na anataka tuzipange kwa tarehe. Bahasha tuziweke kando, maana kuna mtu anazitaka kwa ajili ya stempu. Naomba ushauri: nichukue plastiki nene au nyepesi? Na nyaraka za chuo chenyewe ziko wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si nene wala nyepesi. Kama yule kijana ameshabaki na barua hata moja, acha kusoma hapa, nenda kaichukue, ndipo urudi tuendelee.

Umerudi? Haya.

Swali hili naletewa mara nyingi kuliko lingine lolote, na linakuja kwa sura ile ile: familia inaokota hazina, na mtu wa kwanza kuonyeshwa ni fundi wa vitambulisho. Simlaumu kijana. Mashine yake ni ya kadi ya kliniki na orodha ya bei za chipsi, vitu ambavyo vikiharibika unatengeneza vingine. Yeye anaona karatasi inachakaa na anajua plastiki haichakai. Ninaogombana nao ni wale wanaojiita wataalamu wa kutunza nyaraka, wanaorekodi video wakisugua barua kwa limau ziwe nyeupe, au wakizianika juani kuondoa ukungu, halafu wanamalizia kwa kuzitia plastiki ya moto na kusema, "sasa hii ni ya milele." Kweli ni ya milele, kwa maana kwamba haitoki tena.

Nikueleze kinachotokea mle ndani. Wino wa enzi ile kwa sehemu kubwa ulitengenezwa kwa tanini ya vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, ikachanganywa na salfeti ya chuma. Ukiandika nao unatoka hafifu, hewa inaukoleza ukawa mweusi, na miaka ikienda unageuka rangi ya chai ya rangi. Una tindikali na una chuma, na viwili hivyo vinaila karatasi polepole. Matundu uliyoyaona, basi, huenda si kazi ya mende. Chukua barua moja uitazame kwa karibu, karibu na dirisha: yakiwa yamekaa mahali kalamu ilipokandamizwa, kwenye tumbo la b, kwenye kona mistari miwili ilipopishana, kwenye mkia wa sahihi ambayo mtu aliitia kwa mbwembwe, basi ni wino. Herufi imejitoboa yenyewe ikadondoka. Ukikuta vipande vidogo vya kahawia chini ya kopo, usivipulize. Hayo ni maneno.

Na karatasi nayo ina ugonjwa wake. Kufikia miaka ya 1890 viwanda vingi vilikuwa vimeacha matambara na kuhamia kwenye rojo la mbao, na karatasi ya namna hiyo huzaliwa na tindikali yake. Sasa chukua vitu hivyo viwili, viingize kwenye mashine yenye joto la zaidi ya nyuzi 100, yeyusha gundi mpaka inywe ndani ya nyuzi za karatasi, kisha funga pande zote. Joto limeharakisha ule ulaji, tindikali haina pa kutokea, na gundi imeshakuwa sehemu ya barua. Kuibandua kunahitaji maabara na kemikali kali, na kwa karatasi iliyokwisha kulika, mara nyingi maneno yanabaki upande wa plastiki.

Wala usidhani sisi wa kazi hii tumezaliwa na akili hizo. Marekani, kuanzia miaka ya 1930, bwana mmoja, William Barrow, alibuni namna yake ya kulamineti nyaraka kwa plastiki ya asetati, na hifadhi kubwa kubwa zikapitisha hati zake humo kwa moyo mweupe kabisa. Waliokuja baada yao wanahangaika na hati hizo hadi leo. Tulishalipia somo hili kwa nyaraka za watu wengine, ndiyo maana napandisha sauti nikisikia linaanza upya steshenari.

Lakini plastiki ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye sentensi ya mdogo wako, kwamba maneno yakishaingia kwenye kompyuta, bahasha ni takataka na karatasi ni pambo. Watu wanadhani barua ni maneno. Barua ni kitu. Ina mkunjo, bahasha, stempu, muhuri, doa, na jirani aliyelala naye kwenye kopo, na kila kimoja kati ya hivyo ni ushahidi.

Anza na bahasha. Wanafunzi na walimu wa enzi hizo wangeweza kuandika "Jumanne" au "siku ya Mtakatifu fulani" bila kutaja mwaka. Mwaka utautoa wapi? Unguja posta iliendeshwa na idara ya posta ya India, na stempu zilikuwa za India. Novemba 1895 ndipo stempu hizo zilipoanza kupigwa chapa ya jina Zanzibar juu yake, na 1896 zikaja zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Huko kwenu ilikuwa himaya ya Wajerumani, na kuanzia 1893 stempu zao zilikuwa na thamani iliyopigwa chapa kwa pesa, zile pesa 64 za kwenye rupia. Kwa hiyo kipande cha karatasi cha upana wa ukucha kinaweza kukuambia barua ilipostiwa upande gani wa bahari, na kabla au baada ya mwaka gani. Na bahasha isiyo na stempu kabisa? Hiyo usiidharau. Huenda ilibebwa mkononi, na mtu wa misheni au msafiri, na hiyo ni habari nyingine kabisa kuhusu waliokuwa wakienda na kurudi kati ya Unguja na bara. Huyo bwana wa stempu anajua thamani ya anachokiomba. Ninyi ndio hamjaijua.

Kisha uzi. Bibi, au aliyemtangulia, alizifunga 14 hizo pamoja kwa mpango fulani. Pengine aliziweka kwa mwandishi, pengine kwa zile zilizohusu shamba na zile zilizohusu ndoa. Walimu kadhaa wa Kiungani walioa wasichana waliolelewa kwenye shule ya misheni hiyo hiyo kule Mbweni, kwa hiyo usishangae ukikuta humo mwandiko wa mwanamke uliochanganywa na wa wanaume. Ukizipanga kwa tarehe leo, huwezi kurudisha mpango wa bibi kesho. Tarehe unaweza kuziorodhesha kwenye daftari bila kugusa mpango huo. Andika kwa penseli namba 1 hadi 14 kwenye karatasi za kufunikia, si kwenye barua, kwa mfuatano ule ule uliozikuta. Kama uzi umeshafunguliwa, andika unachokumbuka: ipi ilikuwa juu, ipi ilikuwa ndani ya ipi.

Ile ya herufi za Kiarabu, tafadhali, isomwe na mtu anayejua kusoma Kiswahili cha herufi hizo, si mwalimu wa madrasa anayejua Kiarabu peke yake. Nilishaletewa barua na mtu aliyekuwa ameambiwa na dalali kwamba ni ya mwaka 1312, yaani ya zama za masultani wa Kilwa, na bei iliyotajwa ilikuwa ya gari. Nikaitazama: Kiswahili kitupu, salamu ndefu za desturi, na habari ya deni la nguo. 1312 ilikuwa Hijria. Huo ni mwaka 1894 kuingia 1895. Dalali alichofanya ni kutojua, au kujua sana. Mwenye barua alikasirika kama vile mimi ndiye niliyeipunguza umri.

Na mdogo wako anapochapa, anachapa nini? Nakuuliza kwa sababu nimeona kazi za namna hiyo. Kiswahili kilichoandikwa Unguja enzi hizo kilisema "nalikwenda", "nalikuwa". Kijana wa leo anaona kosa, anaandika "nilikwenda". Anaona neno limegawanywa vipande viwili, anayaunga. Anaona jina la kijiji halijui, anaweka lile analolijua. Mwisho wa siku ana barua safi ambayo haikuandikwa na mtu yeyote. Mwambie achape kila herufi kama ilivyo, makosa na yote, na pale asipoweza kusoma aache mabano matupu. Kukisia ndiko kunakoua.

Kuhusu nyaraka za chuo. Kiungani ilikuwa ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), ile misheni ya Kianglikana iliyozaliwa baada ya hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857 na kuhamia Unguja mwaka 1864. UMCA iliunganishwa na chama kingine cha misheni mwaka 1965, na nyaraka zake sasa ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Humo mna barua za maaskofu na wamisionari pamoja na kumbukumbu za makao makuu ya London. Yapo pia machapisho: gazeti la Msimulizi, lililoanza kutolewa Kiungani kwenyewe mwaka 1888 kwa Kiswahili, na Central Africa, la kuanzia 1883, ambalo lilikuwa la wafadhili wa Uingereza, kwa hiyo lisome ukijua liliandikwa kwa ajili ya nani. Hapa nyumbani, ulizia hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar pale Kilimani. Unapotafuta, nenda na majina yote mawili, la ubatizo na la nyumbani. Mtu aliyeitwa Cecil Majaliwa, kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, aliyepewa daraja mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali, si mbali na kwenu, anaweza kuorodheshwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Babu yenu vivyo hivyo.

Ila usiende Oxford ukidhani utakuta nakala ya kilichomo kwenye kopo lenu. Hili nalo ni kosa ninalolisikia kila mara: "si Wazungu wanazo zote?" Hawana. Mawasiliano yana ncha mbili. Kilichofika London kilitunzwa London. Barua ambayo mwalimu wa Masasi aliandikiwa na rafiki yake aliyebaki Kiungani haikuwa na sababu ya kuvuka bahari ya pili. Ilibaki kwa mwalimu, ikaingia kwenye kopo. Upande huo wa maisha ya chuo, wavulana wakiandikiana wao kwa wao bila mkuu wa chuo kusimama nyuma ya bega, uko majumbani mwa watu kama ninyi, au haupo popote.

Ndiyo maana sasa nasema na wengine pia, wewe nisamehe. Kuna maparokia yameshalamineti vitabu vya ubatizo, kurasa moja moja, baada ya kuvikata mgongo ili viingie mashineni. Kuna shule kongwe ziliskani rejista zao, zikaweka picha kwenye diski moja, zikachoma rejista kupata nafasi kabatini, na diski haifunguki tena. Kuna mtu kabandika selotepu kwenye mikunjo, na selotepu ile imeshageuka ya njano na kuingia ndani kama mafuta ya maandazi kwenye gazeti. Kila mmoja wao aliniambia alikuwa "anahifadhi". Kama mna kitu cha namna hiyo, kisichofanywa chochote kina nafasi kubwa ya kupona kuliko kilichohifadhiwa na mwenye haraka.

Turudi Masasi. Nawa mikono, ikauke. Glavu hazihitajiki, zinakufanya uchane. Usilowanishe chochote, maji husambaza tindikali na chuma hadi mahali palipokuwa pazima. Barua inayokatika ukiikunjua, iache imekunjwa. Zinazofunguka zipige picha kwa simu kwenye kivuli chenye mwanga, bila flashi, mbele na nyuma, na bahasha yake kwenye picha hiyo hiyo. Toa pini za chuma zilizoota kutu kama zinatoka bila kulazimishwa. Kila barua na bahasha yake vilale ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa, ikiwezekana ile isiyo na tindikali, kisha zote kwenye sanduku la karatasi ngumu. Kopo la bati linatokwa jasho, lipumzishe, lakini usilitupe. Mfuko wa plastiki unaonuka kama kitambaa kipya cha meza, usiukaribie. Sanduku likae kabatini, juu ya usawa wa sakafu kwa sababu ya mchwa, mbali na ukuta unaovuja, na wakati wa masika ulifungue mara moja kwa wiki unuse. Ukisikia harufu ya ukungu, usipanguse. Nipigie.

Nitumie picha ya bahasha tatu za juu kwanza, na ile ya herufi za Kiarabu, pande zote mbili. Na mkilikuta jina la ubatizo la babu kwenye sahihi yoyote, liandike kama lilivyo, hata kama mmezoea kulitamka vingine.