Tope la mto, hewa kwenye dira na mvua kwenye chemba

Barua za mwezi huu ni za majisafi na majitaka. Pale penye haja ya mfano tumechukua Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Pwani.

Mvua ikinyesha mto unafurika, lakini ndipo tunapotangaziwa kwamba uzalishaji umepungua. Inakuwaje maji yaadimike wakati wa mafuriko?

Kinachoamua uzalishaji ni machujio: yanaweza kupitisha maji kiasi gani yakatoka safi? Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, umejengwa kwa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, Bagamoyo, kwa lita milioni 270. Mto ukileta tope zito, mtambo huohuo unalazimika kwenda mwendo mdogo.

Tope la mto lina chembe ndogo mno ambazo hazizami zenyewe hata ukiyaacha maji kwenye ndoo siku nzima. Dawa ya kugandisha, mara nyingi shabu, inazifanya zishikane ziwe mabonge yanayozama. Kipimo chake hakikisiwi. Fundi wa maabara hupanga bika (glasi za maabara) sita, kila moja na lita moja ya maji ya mto, akatia miligramu 10 za dawa kwenye ya kwanza, 20 kwenye ya pili, hadi 60. Anakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika 15 hadi 20, halafu anaziacha zitulie nusu saa. Bika ya kwanza inabaki na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye ya nne, tuseme, mabonge yamelala chini na ukiweka kidole nyuma ya bika unakiona vizuri. Ya sita inaweza kuwa na ukungu tena, kwa kuwa dawa ikizidi nayo inaharibu: chembe zinasukumana badala ya kushikana, na maji yanakuwa na asidi hadi yatiwe chokaa.

Mto ukibadilika kila baada ya saa chache, kazi hiyo inaanza upya. Na gharama si ndogo. Kwenye mtambo wa lita milioni 196, kila miligramu moja ya dawa kwa lita ni kilo 196 kwa siku. Kupanda kutoka miligramu 20 hadi 50 ni kuongeza karibu tani 6 kila siku.

Baada ya hapo machujio ya mchanga yanaziba haraka na kuoshwa mara nyingi zaidi, kwa kusukuma maji safi kutoka chini kwenda juu. Chujio linalooshwa halizalishi, tena linakunywa maji ambayo yangekufikia wewe. Sisi tunasema wazi kwamba mwendeshaji anayepunguza mwendo siku hiyo anakulinda. Klorini inahitaji maji maangavu na angalau nusu saa ya kufanya kazi. Kwenye tope, vijidudu vinajificha nyuma ya chembe na kutoka salama. Maji yakifika bombani yabaki na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Ile harufu kidogo inayowakera wengi ndiyo dalili kwamba ulinzi umefika hadi kwako.

Maji yanatoka meupe kama maziwa. Ni dawa imezidi?

Jaza glasi ya kioo uitazame. Weupe ukianza kuondoka chini ukipanda juu, na ndani ya dakika moja au mbili maji yamekuwa maangavu, hiyo ni hewa tu. Usipoondoka, au kitu kikitulia chini, usiyanywe, toa taarifa.

Ni kweli hewa inazungusha dira ya maji?

Ni kweli, kwa dira za mashine za kawaida. Maji yakikatika bomba linajaa hewa, na yakirudi yanaisukuma mbele yake hadi ipate pa kutokea. Dawa yake ni mamlaka ya maji kuweka valvu za kutolea hewa sehemu za mwinuko na kujaza bomba taratibu. Wewe, maji yakikatika, funga koki zote pamoja na valvu iliyo baada ya dira, usubiri kama nusu saa maji yakisharudi. Koki iliyoachwa wazi ina hatari nyingine kubwa kuliko bili: bomba tupu hunyonya, na mpira uliozamishwa kwenye ndoo chafu unaweza kurudisha uchafu ndani ya mtandao.

Hata hivyo, bili inayopanda kila mwezi kwa kawaida inatokana na uvujaji. Funga koki zote utazame kile kigurudumu kidogo cha dira. Kikizunguka, maji yanapotea upande wako. Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, sawa na uniti 43 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000). Anza na tenki la choo.

Mvua ikinyesha, chemba ya majitaka ya jirani yangu inafurika. Bomba ni dogo?

Mara nyingi bomba linatosha. Kilichozidi ni maji ya mvua ambayo hayakupaswa kuwemo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50, ni lita 5,000. Nyumba ya watu sita ikitoa lita 400 za majitaka kwa siku, paa hilo moja limeingiza majitaka ya siku kumi na mbili na nusu kwa mvua moja. Maji hayo hutokea kwenye chemba iliyo chini kuliko zote, ndiyo maana anayeteseka si aliyeunganisha bomba la paa lake wala aliyefunua mfuniko ili uwanja wake ukauke.

Madhara yanafika hadi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Mabwawa kama ya Vingunguti hayana mashine nyingi. Yanategemea muda na jua. Bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, huzamisha tope. La pili, mita 1 hadi 2, lina mwani unaotoa oksijeni mchana. Ya mwisho ni ya kina kifupi ili jua liue vijidudu. Maji ya mvua yakisukuma kila kitu kwa siku chache, hakuna bwawa linalomaliza kazi yake, na kiwango cha Tanzania cha majitaka, TZS 860, kinataka yatoke na BOD (oksijeni ambayo vijidudu wanahitaji ili kuozesha uchafu uliobaki) isiyozidi miligramu 30 kwa lita.

Bwawa la pili likigeuka kutoka kijani kuwa waridi au zambarau, limezidiwa mzigo. Utando mgumu juu ya bwawa la kwanza uachwe, unazuia harufu. Kwenye la pili uondolewe, unazuia jua. Tope likifika theluthi moja ya kina cha bwawa la kwanza, litolewe. Na mafuta ya gereji yasiingie kabisa, kwa kuwa yakitanda juu mwani unakosa mwanga.

Kwa chemba ya jirani yako, mwambie aombe mamlaka ifanye jaribio la moshi. Moshi unapulizwa ndani ya mtandao, na mabomba ya mvua yaliyounganishwa kinyume cha sheria yanautoa juu ya paa, kila mtu akiona.